Kujenga Suka kwenye Roshani Iliyofunikwa Nusu

Anayetaka kutimiza agizo la Mambo ya Walawi 23:42, la kukaa katika vibanda siku saba, huku roshani yake imefunikwa kwa sehemu na sakafu ya jirani wa juu, aanze kwa kuinua macho kabla ya kununua ubao wowote. Sheria ya Kiyahudi inataka paa la suka, yaani kibanda hicho cha sikukuu ya Vibanda, liwe chini ya anga tupu, kwa hiyo matawi yaliyotandazwa chini ya zege hayahesabiwi hata yakiwa mazito namna gani. Jengo refu la kando linalozuia jua halina madhara, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kile kilicho juu ya matawi moja kwa moja.

Kisha pima kutoka ukuta wa nyumba hadi ukingo wa zege. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaeleza habari ya nyumba iliyobomoka paa, mwenyewe akaliziba tundu kwa matawi: ikiwa kati ya ukuta na matawi pana dhiraa nne, suka haifai. Nafasi ikiwa pungufu ya hapo inafaa, maana ukuta huhesabiwa kana kwamba umejipinda ukafuata dari hadi kuyafikia matawi, na ndiyo sababu kanuni hii huitwa dofen akuma, yaani ukuta uliopinda.

Dhiraa ni viganja sita, lakini wapo wanaokadiria upana wa kiganja kuwa sentimita 8 na wapo wanaosema 9.6. Mimi hushauri kuchagua kila mara kipimo kinachokubana: zege lisifike sentimita 192, ilhali kuta, ambazo kimo chake cha chini ni viganja kumi, zifikie sentimita 96. Zege likizidi hapo, simamisha ukuta mpya chini ya ukingo wake, na suka yako iwe ile sehemu ya nje peke yake, mradi isipungue viganja saba kwa saba, takriban sentimita 68 kila upande.

Uzio wa vyuma wa roshani unaweza kuwa ukuta iwapo una kimo hicho na nafasi kati ya nondo, na kati ya uzio na sakafu, hazifiki sentimita 24. Kuta zikiwa tayari, tandaza mimea iliyokwisha kukatwa, kama matawi, mianzi au makuti, mpaka kivuli kizidi jua.

Mahali ambapo wengi hukosea ni pale zege linapokutana na matawi. Pengo tupu la viganja vitatu huharibu zaidi kuliko zege lenyewe, kwa sababu ukuta hauwezi kupinda kupita hewani; basi anza kutandaza kwenye ukingo kabisa, au uyaingize matawi kidogo chini yake.

Suka ikishakuwa halali, bado hairuhusiwi kula wala kulala chini ya zege lenye upana wa viganja vinne au zaidi, kwa hiyo meza na viti vyote visogezwe chini ya matawi. Penye turubai la kukunja juu ya matawi, likunjue mvua inaponyesha na ulikunje kabla ya mlo. Huhitaji kuyaondoa matawi na kuyatandaza upya.