Jinsi ya kusoma mwenendo wa tafiti za Homa ya Bonde la Ufa bila kupotoshwa na grafu

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi na maofisa mifugo wa huku Dodoma wanaotaka kujua utafiti wa Homa ya Bonde la Ufa unaelekea wapi. Ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Huharibu mimba za kondoo, mbuzi na ng'ombe, na binadamu huupata pia kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Katika mlipuko wa 2007 waliorodheshwa washukiwa 511 nchini, wakafa 144, na mkoa wetu ndio ulioongoza kwa wagonjwa. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza nini kimeandikwa tangu hapo, na kimeandikwa kuhusu wapi.

Hatua ya 1: Tafuta kwa jina kamili

Ingia PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za afya, ni bure. Fungua utafutaji wa kina, chagua sehemu ya kichwa na ikisari (muhtasari wa makala), kisha andika "Rift Valley fever" pamoja na alama za kunukuu. Usitegemee kifupi cha RVF peke yake. Madaktari wa moyo hutumia herufi hizohizo kwa moyo kushindwa kazi upande wa kulia, na makala zao zitakujazia matokeo.

Hatua ya 2: Pakua idadi ya kila mwaka

Pembeni ya matokeo kuna grafu ndogo ya miaka yenye kitufe cha kupakua. Faili lifungue kwa Excel. Mwaka unaoendelea ufute, hesabu yake bado.

Hatua ya 3: Tafuta uwiano

Makala za afya kwa ujumla huongezeka karibu kila mwaka, kwa hiyo idadi tupu haisemi kitu. Tafuta tena kwa tarehe za kuchapishwa tu, bila jina la ugonjwa, upate jumla ya kila mwaka. Gawanya idadi ya makala za ugonjwa kwa jumla hiyo, zidisha kwa 100,000, chora upya.

Hatua ya 4: Kila kilele kiulize kimetoka wapi

Hapa ndipo wengi hukimbilia hitimisho, nami nakusihi utulie.

Andika kwanza kalenda ya milipuko kando ya grafu: Misri 1977, Afrika Mashariki 1997–98, Saudi Arabia na Yemen 2000, Afrika Mashariki tena 2006–07. Usitegemee kilele mwaka uleule. Sampuli hupimwa, vibali husubiriwa, wahariri hurudisha kazi. Baadhi ya makala muhimu za mlipuko wa 2006–07 zilitoka 2010.

Kisha angalia hifadhi yenyewe. Makala za kabla ya 1975 nyingi hazina ikisari ndani ya PubMed, hivyo utafutaji wako unazipata kwa kichwa tu. Mstari ukipanda mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu ni Misri na sehemu ni ikisari kuanza kuingizwa. Ili kutenganisha, rudia kwa kutafuta kwenye kichwa peke yake, ulinganishe mistari miwili.

Mtego wa pili unatugusa zaidi. Kwa miaka mingi PubMed iliweka anwani ya taasisi ya mwandishi wa kwanza tu. Anwani za waandishi wote zilianza kuingizwa kuelekea 2014. Ukihesabu makala zenye anwani ya Tanzania utaona ongezeko kubwa hapo, na si sahihi kulitangaza kuwa ni ushindi wa watafiti wetu. Hesabu mwandishi wa kwanza peke yake katika miaka yote.

Hatua ya 5: Soma ikisari zinazohusu Tanzania

Tengeneza safu za mada: mbu, mifugo, binadamu, chanjo, mvua na utabiri. Makala moja inaweza kuingia safu mbili.

Kutafuta "Dodoma" hakutoshi. Ongeza Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Bahi na Chamwino. Kumbuka Bahi na Chamwino zilitokana na Dodoma Vijijini mwaka 2007, kwa hiyo weka na jina la zamani kama lilivyoandikwa kwa Kiingereza.

Mwisho weka safu mbili zinazokaa jirani: sampuli zilichukuliwa wapi, na mwandishi wa kwanza anafanya kazi wapi. Ikisari ikitaja "Tanzania" tu, fungua makala uende sehemu ya mbinu. Mara nyingi wilaya, na hata kijiji, hutajwa humo.