SOMO: Leseni ya brekidauni na yadi ya kutunzia magari Mtwara (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, salaam. Simu yangu imegeuka dawati la leseni la manispaa. Mtu ananunua brekidauni la mkononi Dar, analishusha mpaka Mtwara, analipaki Magomeni, halafu ndipo ananipigia: "Kaka, vibali vyake vikoje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika leo, na atakayeuliza kilichomo humu nitamjibu kwa namba ya hatua tu.

Ninayoyasema ni ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Mlioko Lindi, Masasi au Newala, sheria ya leseni ni hiyo hiyo ya nchi nzima, ila sheria ndogo za halmashauri zenu ni zenu, kazisomeni.

Kabla ya hatua yoyote elewa hili. Leseni ya biashara inakuruhusu kuvuta na kutunza gari la mtu aliyekuita. Haikufanyi askari. Hatua ya 7 inaeleza, na ndiyo inayowapeleka watu polisi.

Hatua ya 1. TIN, namba ya mlipakodi. Inatoka TRA, ukiwa na namba ya NIDA. Ni bure, anayekudai hela ya TIN ni kishoka.

Hatua ya 2. Jina la biashara au kampuni. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni. Kwenye shughuli andika zote mbili, kuvuta magari na kutunza magari.

Hatua ya 3. Eneo la yadi. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilipata kiwanja pembeni ya mji: ukuta upo, geti la chuma lipo, mwenye kiwanja mcheshi. Nikalipa kodi ya mwaka, nikamwaga kifusi, nikafunga taa. Maombi yalipofika kwa mipangomiji, afisa akafungua mchoro akanionyesha neno moja: makazi. Siyo makazi na biashara. Makazi. Kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007, matumizi ya kiwanja hayabadilishwi kwa maneno ya mdomo wala kwa barua ya mpangaji. Mwenye kiwanja ndiye anayeomba, ombi linatangazwa, majirani wana nafasi ya kupinga, na hakuna jirani wa magari mabovu atakayekosa la kusema. Mwenye kiwanja wangu hakutaka usumbufu huo. Kurudisha hela pia hakutaka. Kifusi changu kiko kule mpaka leo, kajengea banda la kuku.

Kwa hiyo ONYO la kwanza: kabla hujatoa hata kodi ya mwezi mmoja, chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda mwenyewe idara ya ardhi na mipangomiji, uulize matumizi yaliyosajiliwa. Usimuulize mwenye kiwanja. Barua ya serikali ya mtaa ni nzuri kuwa nayo lakini haibadilishi mchoro. Dalali usimuulize kabisa.

ONYO la pili: angalia maji yanakopita. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, na ardhi ya baadhi ya mitaa yetu ikilowa inameza tairi. Gari la mteja likizama ndani ya yadi yako, hasara ni yako. Na gari lililopata ajali linavuja oili na dizeli. Likivujia kisima cha jirani, afisa mazingira atakuja kabla ya mteja.

ONYO la tatu: zimamoto. Watakagua. Weka mitungi ya kuzimia moto iliyo hai, na acha njia pana katikati ya yadi, siyo kupanga magari kama dagaa kwenye mkeka.

Hatua ya 4. Mkataba wa pango na uthibitisho wa kodi. Mkataba unalipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya pango la mwaka. Ukiwa mpangaji wa biashara unatakiwa pia kukata kodi ya zuio asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwambieni mwenye eneo mapema, msije mkagombana baadaye. Hayo yakikaa sawa unaomba cheti cha uthibitisho wa kulipa kodi.

Hatua ya 5. Leseni yenyewe. Inaombwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Unapakia nyaraka za hatua ya 1 mpaka ya 4, ofisi ya biashara inapitia, unapata kontroo namba, unalipa, unachapa. Ni ya miezi 12 tangu ilipotolewa. Ibandike ofisini inapoonekana. Ukifungua yadi nyingine Mikindani, ile ya Mtwara mjini haiifuniki. Kila eneo na leseni yake.

Hatua ya 6. Gari, dereva, bima. Dereva mwenye daraja D la gari binafsi hatoshi kwa kazi hii. Kama brekidauni lako ni la kubeba, bodi bapa inayoinama, pita ofisi ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, ukiwa na kadi ya gari kabla hujaanza kutoza watu. Bima: watu wananionyesha stika ya mtu wa tatu kwa kujiamini kabisa. Ile inayolazimishwa na sheria inahusu kifo na majeraha ya watu. Gari la mteja lililoko juu ya mgongo wako halimo. Mnyororo ukikatika kwenye mteremko wa Mikindani, bampa na taa unanunua wewe. Kaa na wakala wa bima, omba bima ya mali inayosafirishwa, na nyingine ya magari yaliyolala yadi. Kisha soma kilichoandikwa, siyo alichokuambia.

Hatua ya 7. Gari la mtu ambaye hakukuita. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni polisi. Gari limeziba barabara au limepata ajali, askari wa usalama barabarani anaelekeza liondolewe. Pata maelekezo yale kwa maandishi: kituo, namba ya RB (taarifa iliyoandikwa kwenye daftari la polisi), linapelekwa wapi. Ukiambiwa "we vuta tu, tutaandikishana baadaye", vuta simu yako uandike muda na mahali, na usiondoke hapo bila karatasi. Gari la ajali ni kielelezo; halitoki yadi mpaka polisi waliachie, hata mwenyewe aje na hela mkononi na machozi.

Ya pili ni uwakala wa halmashauri. Halmashauri ikiwa na sheria ndogo ya kuondoa magari yaliyoegeshwa vibaya, inaweza kumpa mkandarasi kazi hiyo. Sheria ndogo inaanza kufanya kazi ikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ina namba ya GN (tangazo la serikali), na raia yeyote ana haki ya kuiomba aisome. Zabuni inapatikana NeST, mfumo wa ununuzi unaotumika tangu 2023. Ukiipata, unatoza kilichoandikwa kwenye sheria ndogo, siyo kilichokujia kichwani asubuhi, na malipo yanaingia kwa kontroo namba.

Nje ya njia hizo mbili, wewe uliyefunga mnyororo kwenye tairi la mtu umechukua mali ya mtu. Fulana yenye maandishi mgongoni haisaidii.

Hatua ya 8. Daftari la yadi. Gari linapoingia: picha pande zote nne na ndani, kilomita, mafuta, redio, betri, spea taya, jeki, funguo. Anayekabidhi anasaini, wewe unasaini. Bei ya kuvuta na ya kulaza kwa siku iandikwe kwenye fomu hiyo hiyo kabla gari halijanyanyuliwa. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inamtaka anayetunza mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu wa mtu mwenye busara anayetunza yake. Redio ikipotea hutaulizwa nani kaiba, utaulizwa uliitunzaje. Na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, itoke.

Nimemaliza. Maswali.

---

Mchuuzi wa Soko Kuu: Mkuu asante kwa somo. Sasa hiyo leseni bei gani, na una mtu wa ndani wa kuniharakishia?

Mwandishi: Hatua ya 5. Kiasi utakiona kwenye kontroo namba. Mtu wa ndani sina.

Kijana wa Chikongola: Mimi nina fremu pale mjini, kuna jamaa anapaki mbele ya mlango wangu kila siku. Nikikupigia unakuja kulivuta?

Mwandishi: Hatua ya 7.

Kijana wa Chikongola: Lakini nimelipa kodi ya fremu!

Mwandishi: Umelipia fremu, barabara hukupanga. Mpigie trafiki. Akinielekeza nitakuja, na nitakuja haraka.

Bi Shangani: Shikamoo kaka kama umenizidi, mambo kama sivyo. Mume wangu ana gereji, na uani kuna Noah ililetwa na brekidauni, mwenyewe hapokei simu tangu msimu wa korosho uliopita. Mafundi wanamshauri aiuze afidie gharama. Mimi roho inasita. Sheria inasemaje?

Mwandishi: Marahaba dada, na roho yako inasita kwa haki. Asiiuze. Deni mnamdai, lakini gari bado ni la aliyeandikwa kwenye kadi, na huyo anaweza asiwe aliyelileta. Magari mengi ya namna hiyo kadi iko benki kwa mkopo, au ni la urithi ndugu hawajakubaliana, na mengine yameibwa. Mnunuzi naye hatabadilisha umiliki TRA bila kadi na mkataba wa mwenye gari, kwa hiyo mtamuuzia ugomvi.

Fanyeni hivi. Kwanza piga picha gari lilivyo leo, pamoja na namba ya chesesi. Pili nendeni kituoni mkaripoti kwamba mna gari lisilofuatwa, mpate RB. Kama linatafutwa, mtajua hapo hapo na mtakuwa mmejisafisha. Tatu mwandikieni barua ya madai, deni mpaka tarehe hiyo na muda wa kulipa, apelekewe anwani aliyoiacha na nakala serikali ya mtaa anakokaa. Akinyamaza, fungueni madai mahakamani. Hukumu ikitoka, gari linauzwa kwa amri ya mahakama, mnunuzi anapata hati safi, chenji inayobaki ni ya mwenye gari. Ni njia ndefu, lakini hailazi mtu ndani. Na kuanzia sasa mzee atumie fomu ya hatua ya 8 hata kwa gereji, na aandike humo gharama ya kulaza inaanza siku ya ngapi. Bila maandishi, mkifika mahakamani deni la kulaza gari litakuwa neno lenu na neno lake.

Bi Shangani: Allah akulipe. Namsomea sasa hivi.

Mzee wa Mizani: Naona unatutisha ili ubaki peke yako sokoni. Watu wanavuta magari miaka yote hapa bila hizo hatua nane zako.

Mwandishi: Mzee wangu, ningetaka kubaki peke yangu ningekaa kimya. Mpinzani asiyejua hatua ya 3 anajimaliza mwenyewe bila msaada wangu. Kama kuna hatua niliyoikosea itaje kwa namba, nitairekebisha hapo juu.

Nahodha wa Mingoyo: Mimi niko Lindi. Swali la msimu: lori la korosho limekufa njiani, mzigo umejaa. Naruhusiwa kulivuta hivyo hivyo na mzigo wake?

Mwandishi: Swali zuri. Uzito kwenye barabara kuu unasimamiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, inayotumika kwetu tangu 2019: ekseli moja yenye tairi nne mwisho tani 10, gari zima mwisho tani 56. Ukinyanyua pua ya lori, uzito wake unahamia ekseli za nyuma za brekidauni lako. Lori lilikuwa halali, wewe ndiye utakayezidi. Kwa hiyo punguza mzigo kwanza, uhamishiwe lori jingine mbele ya mwakilishi wa mwenye mzigo, magunia yahesabiwe, karatasi za ghala zifuate mzigo. Korosho usizihamishe wewe na tingo wako usiku, gunia moja likipungua utalijua. Na weka pembetatu ya tahadhari barabarani. Matawi ya miti tumeyazoea, lakini usiku hayang'ai.

Nahodha wa Mingoyo: Nimekupata. Ile Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga tulijifunza kuvutana kwa kamba, sasa tunataka kufanya kwa utaratibu.

Mwandishi: Kamba iwe ya mwisho, kaka.

Umoja wa Vijana Likombe: Sisi ni kikundi, watano, tuna fundi mmoja na madereva wawili. Mtaji hatuna. Kuna njia?

Mwandishi: Ipo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mpitieni afisa maendeleo ya jamii wa kata, awasaidie kusajili kikundi. Msiombe hela ya brekidauni kubwa. Andikeni pikapu yenye winchi na chuma cha kuvutia, kazi za mjini zinatosha kuwalisha. Halafu mkisajiliwa kama kundi maalumu NeST, asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa makundi hayo. Mkifika kwenye yadi, nitafuteni tukakague mchoro pamoja. Hiyo nitakuja bure.

Dereva wa Usiku: Nje ya mada kidogo. Nilivutwa kutoka Mangamba mpaka mjini, gari otomatiki, sasa gia haziingii. Fundi anasema ni brekidauni. Kweli?

Mwandishi: Inawezekana sana. Tairi za mbele zilikuwa chini zikizunguka?

Dereva wa Usiku: Ndiyo, alinyanyua nyuma. Ni la kuvuta mbele.

Mwandishi: Basi fundi wako hajakosea. Gia boksi ya otomatiki inapata oili kwa pampu inayozungushwa na injini. Injini imezima, tairi zinazoendesha zinazunguka, ndani kunasagana kukavu, na kuweka N hakuokoi kwa mwendo mrefu. La kuvuta mbele linanyanyuliwa mbele, la nyuma linanyanyuliwa nyuma, fowili, inayovuta mbele na nyuma, inapanda bodi nzima. Una fomu uliyosaini wakati wa kuvutwa?

Dereva wa Usiku: Alinipa karatasi ya daftari tu, kaandika elfu themanini.

Mwandishi: Itunze hiyo karatasi. Omba fundi akuandikie ripoti ya gia boksi kabla hajaifungua, upige picha oili ikimwagwa, ndipo umfuate.