Kutundika daluga: ya kufanya kabla mkataba haujaisha

Maandalizi ya kuacha soka yaanze mkataba ukiwa umebakiza miezi 18 hivi. Wakati huo mshahara bado unaingia, daktari wa timu bado anakuhudumia, na viongozi wa klabu bado wanapokea simu yako. Mkataba ukishaisha, usitegemee hata kimoja kati ya hivyo.

Anza na karatasi. Kusanya mkataba na viambatisho vyake, taarifa za benki na kila barua ya bonasi, kisha jumlisha unachodai. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 kinyume cha mkataba anaweza kuuvunja kihalali, mradi ameiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Madai ya kimataifa, kama ya mchezaji wa kigeni dhidi ya klabu yake, hayasikilizwi FIFA ikishapita miaka 2 tangu tukio lenyewe. Mgogoro wa ndani ya nchi una vyombo na muda wake. Uliza chama cha wachezaji mapema.

Hati inayowaumiza wengi ni ile ya kuachana na klabu. Katikati yake huwekwa sentensi kama hii: "Mchezaji hana madai yoyote dhidi ya klabu." Ukisaini hapo, salio la ada ya usajili na bonasi ulizoahidiwa huwa vigumu mno kuvipata tena. Usiguse kalamu mpaka kiasi chote na tarehe ya kulipwa viandikwe kwenye hati hiyohiyo, au pesa iwe imeshaingia benki.

Kisha dai vipimo vya mwisho mkataba ukiwa hai. Chukua picha zenyewe za MRI (kipimo kinachoonyesha ndani ya mwili) pamoja na ripoti, maelezo ya kila upasuaji, na orodha ya mara ulizogongwa kichwa. Usifiche goti unalolituliza kwa sindano: jeraha lisiloandikwa sasa ni gumu kulidai kwenye bima baadaye.

Mwili usiukatishe mazoezi ghafla. Punguza kwa wiki 12, kutoka vipindi 5 vya wiki hadi 3, na punguza wanga kwenye sahani kwa kasi hiyohiyo, maana hamu ya kula hubaki ya mchezaji wakati matumizi ya nguvu yameshuka. Baiskeli na kuogelea havilitesi goti. Mazoezi ya nguvu ya paja yasiachwe kabisa. Misuli hiyo ndiyo inayolipunguzia goti mzigo.

Kuhusu fedha, kadiria kipato chako cha baada ya soka, kisha ishi kwa kiasi hicho miezi 3 ukiwa bado unalipwa. Kinachobaki kiweke akiba hadi ufikishe matumizi ya miezi 24. Wengi huangushwa na dhamana za mikopo ya ndugu, na biashara inayoendeshwa na mtu asiyetoa hesabu. Mwaka wa kwanza usiwekeze kwenye jambo ambalo huwezi kulikagua mwenyewe.

Kazi mpya nayo ina foleni yake. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, hupanda kutoka D, C, B, A hadi Pro, na kati ya ngazi na ngazi unatakiwa ufundishe kweli, kwa hiyo anza ya chini ukiwa bado unacheza na uombe kikosi cha vijana cha klabu. Jina kubwa halikufundishi kupanga kipindi cha dakika 90 kwa watoto wa miaka 12. Anayetaka uwakala wa wachezaji ajue FIFA ilirudisha mtihani mwaka 2023: maswali 20 ya kuchagua, alama ya kufaulu asilimia 75.

Miezi ya mwanzo ni migumu hata kwa aliyejiandaa, kwa sababu ratiba yote ilikuwa ikipangwa na klabu. Panga saa ya kuamka na jukumu moja la kila asubuhi kabla ya mechi yako ya mwisho. Usingizi ukipotea au pombe ikiongezeka kwa wiki 2 mfululizo, muone daktari. Chama cha wachezaji kinaweza kukuelekeza kwa mshauri.