Matunda mekundu ya kwenye uzio wa maua: jinsi ya kuyachuma na kuyapika bila kujidhuru

Mtu anapanda karisa, kile kichaka cha uzio chenye matunda mekundu, mbele ya nyumba kwa sababu ya miba yake na yale maua meupe yenye umbo la nyota yanayonukia vizuri, miaka inaenda yeye anapogoa tu uzio ukae sawa, na kila msimu matunda mekundu yanadondoka yanaozea pale chini. Mimi inaniuma sana nikiona hivyo, maana lile tunda ni chakula kabisa, lina vitamini C nyingi na ukilipika unapata jamu nyekundu yenye ukali mtamu. Asili yake ni pwani ya Afrika Kusini na Msumbiji, saivi linapandwa kama uzio wa mapambo sehemu nyingi za joto duniani, na wengi walionalo hawajui kama linaliwa.

Ila kabla hujatia kitu mdomoni tuelewane hapa, na hapa nitakaa muda mrefu kidogo.

Karisa inafanana mno na msunguti. Yote ni vichaka vya majani magumu ya kijani kinachong'aa, yote yana maua meupe yenye harufu nzuri, yote ukikata tawi yanatoa utomvu mweupe kama maziwa, na jamii fulani ya msunguti nayo inapandwa bustanini kama ua. Sasa msunguti ndo ule ambao sumu yake watu walikuwa wanapaka kwenye mishale ya kuwindia, ni sumu inayosimamisha moyo. Kwa hiyo usijitetee na utomvu wala maua, angalia mwiba. Karisa ina mwiba mgumu uliogawanyika nchani kama herufi Y, ukiushika unauona kabisa kashina kamoja halafu ncha mbili zimeachana, msunguti hauna mwiba. Afu chukua tunda moja lililoiva ulikate katikati kwa kisu: la karisa lina nyama nyekundu na mbegu kadhaa ndogo bapa za kahawia zimekusanyika katikati, la msunguti lina mbegu moja au mbili kubwa. Kuna karisa fupi za bustani ambazo zimezalishwa ziwe na miba michache sana, mimi msimamo wangu ni kwamba kama huoni mwiba usile, hata kama una uhakika wa asilimia tisini. Utakosa jamu, basi.

Na hata kwenye karisa yenyewe kinacholiwa ni tunda lililoiva tu. Majani, matawi, mbegu kavu, tunda bichi la kijani, vyote hivyo achana navyo.

Kuna vichaka vingine vya uzio ambavyo watoto wanavipenda kwa rangi. Duranta ile yenye vitunda vya njano vinavyoning'inia kama shanga ni sumu, hata ikiiva. Lantana nayo vitunda vyake vya kijani ni hatari, mimi siigusi ikiwa mbichi wala ikiwa imeiva. Ukiwa na watoto nyumbani waonyeshe kichaka kimoja kimoja kwa kidole, waambie hiki ndio, hiki hapana, na wasichume chochote bila mtu mzima.

Jambo la pili ni dawa. Uzio wa maua unapuliziwa dawa za wadudu ambazo hazikutengenezwa kwa mimea ya kula, nyingine zinamwagwa chini kwenye udongo zinapanda na maji mpaka kwenye tunda, hizo hata uoshe vipi hazitoki. Kwa hiyo muulize anayetunza hiyo bustani, na kama ni uzio wa mtu omba ruhusa. Akikwambia hajui kilichopuliziwa, acha. Uzio ulio kando ya barabara yenye magari mengi nao mimi siuchumi.

Sasa kuchuma. Vaa glavu nene na mikono mirefu, miba ile inachoma kweli, ingiza mkono taratibu kutokea chini ya tawi, usiparamie kutokea juu. Tunda tayari ni lile jekundu mzunguko mzima, hata kule upande wa kikonyo, na ukilibonyeza linabonyea kidogo kama nyanya iliyoiva. Lizungushe tu, likiwa limeiva linaachia lenyewe, likikataa liache urudi baada ya siku mbili. Yaliyodondoka usiokote kama huna uhakika yamedondoka leo. Usirundike mengi kwenye ndoo moja ya kina, yana ngozi laini sana yanapondana, na hayakai, yaani ukichuma asubuhi jipange kupika siku hiyohiyo au kesho yake.

Jamu yenyewe haina mambo mengi. Kilo moja ya matunda, yaoshe, toa vikonyo, kata vipande viwili, weka kwenye sufuria na nusu kikombe cha maji. Sufuria isiwe ya aluminiamu, tunda ni kali linakula ile sufuria, tumia ya chuma cha pua. Chemsha moto wa wastani kama dakika kumi na tano mpaka vilainike kabisa, uviponde kwa mwiko, halafu upitishe kwenye chujio ubaki na rojo tupu, mbegu na maganda yabaki juu. Hapo utaona pembeni mwa sufuria kumejichora duara jeupe linalonata, usiogope wala usianze kusugua na steliwaya, ni ule utomvu umetoka kwenye matunda, haudhuru, chukua kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia ufute unatoka.

Pima rojo kwa kikombe. Kila kikombe kimoja weka robo tatu kikombe ya sukari, rudisha jikoni, koroga mpaka sukari iyeyuke ndo uongeze moto. Itachemka na povu jingi, liengue, na usiache kukoroga maana ikishika chini inanuka yote. Kujua imeiva, weka kisahani kwenye friza mapema, dondoshea tone moja, subiri kidogo, sukuma kwa kidole: likijikunja kama kangozi imeshaiva, likitiririka bado. Mimi huwa naanza kupima dakika ya kumi na tano, kwa sababu ikipitiliza inakuwa ngumu kama peremende na hairudi. Mimina ikiwa moto kwenye chupa za kioo ulizochemsha dakika kumi.

Kama uzio wako ni wa pitanga, ile yenye vitunda vyenye mikunjo kama kiboga kidogo, huyo ni mwingine mzuri tu. Kosa la watu ni kuichuma ikiwa ya rangi ya chungwa, inakuwa na ladha chungu ya utomvu wa mti wanaichukia maisha yote. Subiri iwe nyekundu iliyokolea, na idondoke mkononi ukiigusa tu. Pasua, tupa mbegu, nyunyizia sukari, weka kwenye friji masaa machache, ule ukali wa utomvu unapungua sana na inatoa juisi yake yenyewe, ambayo unaweza kunywa hivyohivyo au ukaipika kama ile ya juu.

Mara ya kwanza onja kidogo tu, kijiko kimoja, uone tumbo lako linavyolipokea tunda jipya. Chupa ukishaifungua ikae kwenye friji, na kila ukichota tumia kijiko kikavu.