Kuvunja 61,741,120 hadi namba tasa

Hii ndiyo idadi ya watu wa Tanzania kwa sensa ya 2022, iliyotangazwa Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Kalamu na karatasi vinatosha.

Gawanya kwa 10 kwanza, ibaki 6,174,112. Igawanye kwa 2 mara tano mfululizo: 192,941. Jumla ya tarakimu zake ni 26, basi 3 haiingii. 7 inaingia, inabaki 27,563.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanajaribu 11, 13, 17, wanachoka, wanaiita tasa. Lakini kipeuo chake cha pili ni kama 166, kwa hiyo huwezi kukata shauri kabla ya kujaribu namba tasa zote hadi 163. Bahati nzuri safari ni fupi: 43 × 641 = 27,563. Kipeuo cha 641 hakifiki 26, na hakuna namba tasa hadi 23 inayoigawa bila baki. Hiyo ni tasa kweli.

Jibu: 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Ukisahau ile 2 iliyomo ndani ya 10, utapata nusu tu ya namba uliyoanza nayo. Ukitaka idadi ya vigawo, ongeza 1 kwa kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; isipoandikwa ni 1), kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112.