Somo: Kusanifu nyumba za Normandy za mwaka 1944 kwa diorama ya skeli ya 1/35

Nimeandika somo hili kwa sababu swali lilelile limekuwa likinijia kila wiki kwa maneno tofauti: kwa nini katika diorama, yaani mandhari ndogo ya mfano, kifaru kimepakwa rangi kwa ustadi, askari wamesimama vizuri, lakini nyumba iliyo nyuma yao inaonekana kama sanduku lililotobolewa madirisha? Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, naweka hapa utaratibu wote ninaoufuata, na ninamwomba kila mwenye swali asome kwanza hadi mwisho. Mifano yangu ni ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, katika miezi ya vita ya Juni hadi Agosti 1944, na vipimo vyote vya milimita ni vya skeli ya 1/35, yaani mfano ni mdogo mara 35 kuliko kitu halisi.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Usiseme unajenga nyumba ya Ufaransa. Sema unajenga nyumba ya mji fulani, kwa kuwa wajenzi wa zamani walitumia jiwe lililochimbwa jirani. Kandokando ya Caen na Bayeux kuta ni za jiwe la chokaa lenye rangi ya malai, jiwe lilelile lililovushwa bahari kwenda Uingereza kujengea Mnara wa London. Ukienda magharibi kwenye rasi ya Cotentin, unakutana na matale na mawe ya kijivu na ya kahawia. Upande wa Lisieux, katika eneo la Pays d'Auge, nyumba nyingi zina fremu za mbao zilizojazwa udongo au matofali, na mapaa yake ni ya vigae bapa vya udongo, ilhali Bayeux na Cotentin mapaa mengi ni ya sleti, yaani vipande bapa vya jiwe. Anayechanganya ukuta wa Lisieux na paa la Bayeux bila sababu amejenga nyumba isiyokuwa na mahali pa kusimama kwenye ramani.

Hatua ya 2: Geuza vipimo

Gawanya kipimo halisi kwa 35. Mita moja inakuwa milimita 28.6. Mlango wa mita 2.1 ni milimita 60, dirisha la mita 1 kwa 1.7 ni milimita 29 kwa 49, sakafu hadi sakafu ya mita 3 ni milimita 86, na tofali la sentimita 22 kwa 11 kwa 6 ni milimita 6.3 kwa 3.1 kwa 1.7.

Hatua ya 3: Chora nyumba nzima kabla ya kuibomoa

Hapa ndipo nilipoharibu kazi yangu ya kwanza, na ndipo ninapoona wengi wakiharibu. Nilichora moja kwa moja ukuta uliobomoka, wenye ukingo wa kupendeza unaopanda na kushuka kama mlima, kisha nikaupachika dohani juu kwa sababu niliona dohani kwenye picha. Nilifanya kazi hiyo miezi minne. Jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi mwashi maisha yake yote, aliiangalia kwa muda mrefu, akaweka kidole chake kwenye dirisha la juu na kuniuliza: «Mwenye nyumba hii alipandaje hapa? Na moto wa hilo dohani uliwashwa wapi?» Sikuwa na jibu. Chumba changu kilikuwa na kina cha milimita 80, wakati ngazi iliyonyooka ya kupanda mita 3 inahitaji vipandio 17 vya karibu sentimita 18 kila kimoja, na vikanyagio vyake vya sentimita 25 vinakula mita 4 za sakafu, yaani milimita 114. Dohani langu nalo lilisimama juu ya ukuta usiokuwa na jiko wala meko, na boriti za ghorofa zilikuwa zimeingia katikati ya dirisha. Niliivunja kazi yote nikaanza upya.

Kwa hiyo chora ramani ya kila ghorofa kwenye karatasi, hata kama utaonyesha pembe moja tu ya nyumba. Weka ngazi, meko, milango ya ndani na mwelekeo wa boriti, kisha chora kuta zote kutoka kando. Baada ya hapo, chukua penseli nyekundu na uchore mahali bomu lilipopiga. Vitu vitatu uvihakiki kabla ya kukata chochote: kila dohani liwe na meko chini yake kwenye mstari uleule, boriti zikae juu ya linta za madirisha (mihimili inayobeba ukuta juu ya tundu) na zisizikate, na nyumba ionyeshe njia iliyowahi kumpeleka mtu ghorofani. Tahadhari kubwa ni kwa wanaokata ubao wa povu siku ileile waliyochora, kwa kuwa kosa la ramani haliponi kwa rangi.

Hatua ya 4: Unene wa ukuta

Ukuta wa mawe wa nyumba ya zamani una unene wa sentimita 50 au zaidi, kwa hiyo usishuke chini ya milimita 14. Ubao mwembamba unaweza kufichwa katika nyumba nzima, lakini nyumba iliyobomoka huonyesha ndani ya ukuta, na hapo ni lazima mtazamaji aone tabaka zake: mawe ya kuchonga kwa nje, vipande vya mawe na chokaa katikati, na lipu kwa ndani. Mimi humwaga jasi ndani ya kalibu ya unene huo na kuichora mawe kwa sindano ikiwa bado mbichi kidogo.

Hatua ya 5: Madirisha

Dirisha la Kifaransa lina mabawa mawili ya vioo yanayofungukia ndani, na kwa nje lina mabawa mengine mawili ya mbao, yanayofungukia nje na kulala ukutani. Fremu ya vioo hukaa ndani ya unene wa ukuta, haisawazishwi na uso wa nje. Kumbuka pia kwamba kila bawa la mbao lina upana wa nusu ya tundu, kwa hiyo madirisha mawili yaliyo jirani yanahitaji angalau upana wa dirisha moja kati yake ili mabawa yapate pa kulala. Mara nyingi mabawa ya chini ni mbao kamili kwa ajili ya usalama, na ya ghorofani yana vipande vya kupitisha hewa.

Hatua ya 6: Paa

Tengeneza makombamoyo na fito kwanza, ndipo uweke sleti au vigae. Sleti ya sentimita 22 kwa 32 ni milimita 6 kwa 9, nayo huonekana theluthi moja tu, kwa sababu nyingine zinailalia. Mshindo wa bomu mara nyingi huteremsha vigae na kuacha fito zimebaki, na mwonekano huo unaeleza mlipuko wa jirani vizuri zaidi kuliko tundu moja la duara.

Hatua ya 7: Kifusi

Kifusi kidogo ndicho dalili ya haraka ya kazi isiyofikiriwa. Piga hesabu: kipande cha ukuta cha mita 3 kwa 4 chenye unene wa sentimita 50 ni mita 6 za ujazo, ambazo katika skeli yetu ni sentimita za ujazo 140, na mawe yakishalala ovyo huchukua nafasi kubwa zaidi, karibu kikombe kizima cha chai. Mwaga kikombe hicho mbele ya nyumba yako uone kinavyofunika mlango. Ndani yake ziwemo boriti, fito, vipande vya lipu na sleti zilizovunjika, maana nyumba haikujengwa kwa mawe peke yake.

Hatua ya 8: Rangi na maandishi

Uso wa zamani wa jiwe umeingia vumbi, moshi na ukungu. Mpasuko mpya ni mweupe zaidi. Masizi ya moto hupanda juu ya tundu la dirisha, hayashuki chini yake. Ukitaka andiko la kuaminika ukutani, tumia katazo la kubandika matangazo lililoandikwa katika miji mingi, «Défense d'afficher, loi du 29 juillet 1881». Kagua tahajia herufi kwa herufi kabla ya kupaka.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Naomba kujua mlango uwe na urefu gani.

Jibu: Hatua ya 2, sentensi ya tatu.

Mwanachama wa Nakuru: Ninajenga katika skeli ya 1/72. Je, nigawe milimita zako kwa mbili?

Jibu: Hapana. Rudi kwenye kipimo halisi na ugawanye kwa 72. Mlango wa mita 2.1 unakuwa milimita 29, na ukikatakata vipimo vyangu utabeba kila mkadirio wangu pamoja na wako.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Somo lina kosa. Nina picha ya Bayeux ambamo madirisha yote yamefunguka kwa nje.

Jibu: Unachokiona kwenye picha hiyo ni mabawa ya mbao, na hatua ya 5 imesema wazi kwamba hayo hufungukia nje. Angalia ndani ya tundu utaona mabawa ya vioo yamesimama nyuma yake. Ninaomba tusome kabla ya kusahihisha, kwa kuwa wanaoanza wanaweza kufuata sahihisho hili na kuharibu kazi.

Mwanachama wa Mombasa: Shikamoo mwalimu. Katika picha za Saint-Lô nimeona kuta za ubavuni zenye miraba ya rangi mbalimbali, kama mtu ametundika mazulia, na mistari myeusi inayopanda katikati. Nimeshindwa kuelewa ni nini.

Jibu: Marahaba, dada, na ninakushukuru kwa kuangalia kwa makini. Katika miji ya Ufaransa nyumba mbili hutumia ukuta mmoja wa kati. Nyumba moja ikianguka, jirani yake hubaki na ukuta huo, na juu yake unaona vyumba vya nyumba iliyopotea: kila mraba ni chumba kimoja na karatasi yake ya ukutani, na mstari mweusi ni njia ya moshi iliyopasuka, yenye masizi ndani. Chini ya mstari huo utaona meko yakining'inia ghorofa kwa ghorofa, na kati ya mraba na mraba kuna safu ya mashimo ambamo boriti ziliingia. Saint-Lô ilipigwa vibaya na ndege za Washirika usiku wa kuamkia tarehe 7 Juni 1944, na mapigano yakaendelea hadi Wamarekani walipoingia tarehe 18 Julai, kwa hiyo picha zake zina kuta nyingi za namna hiyo. Ukiamua kujenga ukuta mmoja tu wa diorama, jenga huo. Chapisha maua madogo kwenye karatasi nyembamba, tumia michoro tofauti kwa kila chumba, na uchane sehemu ya chini ambako mvua imeshaingia.

Mwanachama wa Mombasa: Na mashimo ya boriti yawe na ukubwa gani?

Jibu: Boriti ya sentimita 20 ni karibu milimita 6. Acha vipande viwili au vitatu vilivyovunjika vimebaki ndani ya mashimo, na mengine yawe matupu.

Mwanachama wa Arusha: Jasi yangu ikivunjika inakuwa nyeupe kama chaki, hata nikipaka rangi. Nifanyeje?

Jibu: Changanya rangi ya unga kwenye jasi ikiwa kavu, kabla ya kutia maji. Oksaidi ya njano inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya sakafu inatosha, kiasi cha ncha ya kijiko kwa kikombe cha jasi, na upate rangi ya malai isiyokoza. Kifusi kivunjwe kutoka jasi ileile ya ukuta.

Mwanachama wa Kigoma: Kwa vioo vilivyovunjika, mimi hutumia vile vioo vyembamba vya kufunikia sampuli maabara. Huvunjika kwa ncha kali zinazofanana na kioo cha kweli.

Jibu: Hii ni njia nzuri kuliko plastiki, nami nitaijaribu. Wanaoifuata wavae miwani, wavunje ndani ya kitambaa kilichokunjwa, na wasishike vipande kwa vidole vitupu.

Mwanachama wa Nairobi: Ninataka kutengeneza Oradour-sur-Glane na kuweka kifaru katikati ya barabara. Magofu yake bado yapo, kwa hiyo kunakili ni rahisi.

Jibu: Ndugu yangu, tafadhali lifikirie upya. Oradour iko Limousin, katikati-magharibi mwa Ufaransa, si Normandy, na hapakuwa na mapigano pale. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi, waliwaua watu 643 katika kijiji hicho, wakiwemo wanawake na watoto waliofungiwa kanisani, na magofu yameachwa yalivyo kwa ajili ya kuwakumbuka. Kuweka pambano mahali hapo ni kueleza jambo ambalo halikutokea juu ya watu waliokufa kweli. Hata kwa ufundi peke yake, magofu hayo hayafai kunakiliwa kama magofu ya 1944, kwa sababu mvua za miaka zaidi ya 80 zimeosha masizi, zimelainisha kingo za mawe na kuondoa lipu, wakati gofu la siku tatu lina kingo kali, vumbi jeupe juu ya kila kitu, na mapazia bado yananing'inia.

Mwanachama wa Nairobi: Nimeelewa, na ninaomba radhi. Basi nitajenga barabara ya mji mdogo karibu na Bayeux. Barabara iwe na upana gani?

Jibu: Nimefurahi. Sherman, kifaru cha Wamarekani, ina upana wa mita 2.62, yaani milimita 75, na barabara nyingi za miji hiyo ni nyembamba, kwa hiyo milimita 150 kutoka ukuta hadi ukuta zitamfanya mtazamaji ahisi jinsi kifaru kilivyobanwa. Bayeux yenyewe iliingiwa tarehe 7 Juni bila kubomolewa, hivyo jenga nyumba zako zikiwa nzima, na ufundi wote uuweke kwenye mabawa ya madirisha, mifereji ya zinki na vikombe vya kaure vya nyaya za umeme ukutani. Ukimaliza ramani ya ghorofa, iweke hapa kabla ya kukata, ikiwa na ngazi na meko, nami nitaikagua.