Chujio la Hewa la Pikapu: Namna ya Kulikalisha na Kuhakikisha Sanduku Lake Limeziba

Chujio la hewa lililojaa vumbi hujitangaza lenyewe. Gari hukosa nguvu mlimani, moshi mweusi huongezeka, na dereva hata asiyejua ufundi hutambua kwamba kuna kitu kinachohitaji kuangaliwa. Chujio ambalo halijabana vizuri kwenye kingo zake ni hatari ya namna nyingine, kwa kuwa halitoi dalili mapema: injini hupumua kwa wepesi na gari huonekana zima, huku vumbi likipita pembeni mwa karatasi ya kuchujia na kuingia moja kwa moja kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) na silinda. Oili inapoanza kupungua bila kuvuja mahali popote, madhara huwa yameshafanyika. Kwa sababu hiyo, mwenye pikapu anayepita barabara za vumbi za Njoro, Molo, Mau Narok, Subukia au Solai, huku Nakuru nchini Kenya, anapaswa kuujali mpira wa ukingoni mwa chujio zaidi ya anavyoujali weupe wa karatasi yake.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Injini ya dizeli ya lita 2.5 hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta takribani lita 2,500 za hewa kila dakika, kabla hata ya kuhesabu hewa ya ziada inayosukumwa na tabo. Hiyo ni sawa na mitungi 125 ya lita ishirini kwa dakika moja tu. Udongo wetu wa Bonde la Ufa umetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkeno, na wakati wa kiangazi cha Januari hadi Machi husagika chini ya magurudumu ukawa laini kama unga. Chembe zinazoumiza injini zaidi si mchanga unaoonekana, bali zile za mikroni 5 hadi 20 hivi, ndogo kuliko unene wa unywele, ambazo huingia katikati ya utando wa oili na kukwaruza ukuta wa silinda, ringi na beringi. Kwa pikapu zinazobeba miwa upande wa Chemelil na Muhoroni udongo ni tofauti, lakini ukaguzi ni uleule.

Fanya kazi hii injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kabla ya kugusa klipu yoyote, pangusa sehemu ya nje ya sanduku, hasa mstari ambapo mfuniko unakutana na sehemu ya chini, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha wakifungua mfuniko, vumbi la juu huanguka ndani upande ambao unapaswa kubaki safi. Fungua klipu zote, inua mfuniko bila kuupinda, na toa chujio polepole bila kuligongagonga. Kumbuka lilikuwa limeelekea wapi.

Sasa usikimbilie kulitazama chujio. Tazama upande safi wa sanduku, yaani upande ambao hewa hupita ikiwa imeshachujwa kuelekea kwenye injini. Funga kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye kidole, upanguse upande huo pamoja na mdomo wa bomba linalotoka hapo. Kitambaa kikitoka kikiwa na rangi ya udongo, vumbi limekuwa likipita, na kinachobaki ni kutafuta njia yake. Mara nyingi njia hiyo imejichora yenyewe. Geuza chujio na uangalie mpira wake chini ya mwanga wa kutosha: penye kuziba vizuri patakuwa na mstari mmoja safi uliobanwa sawasawa kuzunguka pande zote, na penye kuvuja utaona michirizi ya vumbi ikivuka mstari huo kutoka upande mchafu kwenda upande safi. Piga picha ya mahali hapo kwa simu kabla hujapangusa chochote, kwa sababu ukishasafisha umeufuta ushahidi wote. Kama mpira umebanwa vizuri pande zote na bado upande safi una vumbi, huenda karatasi imetoboka au imebanduka kutoka kwenye mpira. Weka taa nyuma ya karatasi mahali penye giza, na tundu lolote litaonekana kama nukta ya mwanga.

Katika kusafisha sanduku, ziba kwanza bomba la kwenda kwenye injini kwa kitambaa safi, kikubwa cha kutosha kiasi kwamba hakiwezi kusahaulika ndani. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Usipulize kwa kompresa, kwani vumbi litakalorushwa litatua popote, pamoja na kwenye sensa ya kupimia hewa ambayo katika pikapu nyingi za kisasa hukaa mara tu baada ya sanduku. Chini ya sanduku, upande wa vumbi, huenda pakawa na tundu au mdomo wa mpira wa kutolea maji na uchafu. Hakikisha haujaziba kwa matope.

Chujio jipya linahitaji kuchunguzwa kabla ya kulipiwa. Nenda dukani na lile la zamani, uyaweke mawili hayo yakitazamana, kisha upime urefu, upana na, zaidi ya yote, unene wa mpira wa ukingoni. Tofauti ya milimita 2 katika unene huo yatosha kuufanya mfuniko ufunge kwa klipu zote na bado usibane kitu. Bonyeza mpira kwa kidole: unapaswa kuwa laini na kurudi mahali pake mara moja. Ukiwa mgumu kama plastiki, au una mapovu na mahali ambapo viungo vyake havikukutana, uache. Kwa machujio ya mviringo yanayoziba kwa kuvaa juu ya shingo ya bomba, kulisukuma mahali pake kunapaswa kuhitaji nguvu kiasi. Likiingia na kutoka kwa ulegevu, halizibi. Niliwahi kununua chujio mjini Nakuru kwa kuambiwa, "Mzee, hii ndiyo yenyewe," nikaridhika kwa sababu lilitosha ndani ya sanduku. Baada ya kiangazi kimoja cha kubeba viazi kutoka Mau Narok, fundi alifungua bomba la tabo, akanionyesha mapezi yaliyokuwa yamelika kwenye ncha. Gharama ya tabo ile haikulingana hata kidogo na kile nilichodhani nimeokoa.

Ili kuthibitisha kwamba mpira unagusa pande zote, paka utando mwembamba sana wa mafuta ya mgando ya kujipaka kwenye ukingo wa sanduku ambapo mpira hukalia. Weka chujio, funga mfuniko kwa klipu zote, kisha ufungue tena. Alama ya mafuta kwenye mpira inapaswa kuwa mstari usiokatika. Pale unapokatika ndipo vumbi litakapopita, na mara nyingi ni kwenye kona au upande ulio mbali na klipu. Pangusa mafuta yote baada ya jaribio, kwa sababu mafuta yakibaki hushika vumbi, na baadhi ya mipira huvimba yakiikalia muda mrefu. Usiyaache hapo ukidhani yatasaidia kuziba.

Wakati wa kufunga kabisa, ondoa kwanza kitambaa ulichoziba nacho bomba. Ingiza meno ya mfuniko kwenye matundu yake yote upande wa nyuma, ushushe mfuniko, kisha ufunge klipu kwa zamu za kukabiliana badala ya kumaliza upande mmoja kwanza. Jino moja lililokosa tundu lake huinua upande mzima, na kutoka juu huwezi kuliona. Pitisha kidole kuzunguka mstari wote. Klipu iliyovunjika inunuliwe nyingine. Kufunga mfuniko kwa vipande vya mpira wa tyubu, jambo nililoliona kwenye pikapu nyingi, hakutoshi, kwa kuwa mpira huo hulegea kwa joto la injini na mtikisiko wa barabara. Silikoni nayo si dawa: hufanya chujio lipasuke siku ya kulitoa, na vipande vyake vikikatika upande safi huvutwa na injini. Mfuniko uliopinda au kupasuka ubadilishwe.

Kazi haiishii kwenye sanduku, maana hewa ikishachujwa bado ina safari. Fuata bomba hadi kwenye tabo ukilikunja kidogo kwa mikono ili nyufa zilizojificha kati ya mikunjo yake zifunguke. Kaza klempu zote, uhakikishe raba ya sensa ya hewa ipo na haijakatika, kisha ukague kibomba kinacholeta mvuke wa oili kutoka kwenye injini. Tundu dogo hapa ni baya kuliko chujio bovu, kwa kuwa mbele yake hakuna kizuizi kingine. Baadhi ya mafundi huziba mdomo wa kuvutia hewa ili wasikie kama injini itazimika, na ikizimika husema hakuna panapovuja. Siliamini jaribio hilo, kwa kuwa tundu la kutolea maji upande wa vumbi hupitisha hewa pia na kuleta jibu la kupotosha.

Kuhusu kupuliza chujio la karatasi kwenye kituo cha petroli kila wiki, ningemwomba kila dereva aache. Mgandamizo mkubwa wa hewa hutoboa karatasi, na kila mara sanduku linapofunguliwa mpira husumbuliwa upya na vumbi hupata nafasi ya kuanguka ndani. Isitoshe, chujio lenye vumbi la kiasi huchuja vizuri kuliko jipya kabisa, kwa kuwa vumbi lililokwisha kunaswa husaidia kunasa jingine. Fuata kipindi kilichotajwa kwenye kitabu cha gari kwa ajili ya barabara za vumbi, ambacho huwa kifupi kuliko kile cha lami, na likifika wakati wake libadilishe.

Mwisho, andika tarehe na kilomita kwenye mfuniko kwa kalamu ya wino usiofutika. Baada ya kilomita 500 hivi za barabara ya vumbi, fungua mara moja tu na upitishe kitambaa cheupe upande safi. Kikitoka cheupe, funga na usifungue tena hadi wakati wa kubadilisha. Kikitoka na rangi, rudia jaribio la mafuta ukianzia kwenye kona.